Mlango Nilioacha Wazi

Mama yangu alikuwa akisema nilipaswa kuzaliwa kobe, ila siku ile magamba yalikuwa yamekwisha. Tangu utoto wangu kule Buyenzi, Bujumbura, nilikuwa mtu wa kukaa. Wenzangu wakienda kuoga ziwani, mimi nilibaki uani nikichambua mchele na shangazi zangu. Harusi nilizohudhuria ni zile zilizofanyika nyumba ya pili. Mtu wa namna hiyo, ungefikiri, hawezi kushtakiwa popote duniani kwa kosa la kutokuwa nyumbani kwake. Basi mimi nilishtakiwa, Brussels, mbele ya jaji wa watoto, na kosa likanikaa vizuri kama kanzu ya kushonewa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nchi yetu ilikuwa imechafuka, nami nilitangulia Ubelgiji na watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Mke wangu alibaki Kigoma kwa dada yake, akisubiri karatasi za kusafiria, ambazo zilitembea kwa mwendo kama wangu. Tulipata vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya tatu, mtaa wa Forest, karibu na reli. Nikapata na kazi ya kusafisha ofisi mjini, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa moja. Watoto niliwaacha wamelala, na niliporudi niliwakuta wamelala. Mwezi mzima ulipita hivyo, nami nikaona Ulaya si ngumu kama wanavyosema.

Hapo pana jambo la kueleza. Sikuwaacha hivi hivi. Niliacha mlango wazi.

Kwetu Buyenzi nyumba zinatazamana. Mama akitoka alfajiri kwenda sokoni, watoto bado wamelala, hafungi mlango. Anashusha pazia tu, mlango unabaki wazi nyuma yake. Maana yake kila mtu anaijua bila kuambiwa: mimi sipo, watoto wapo, masikio yenu tafadhali. Mtoto akilia, jirani wa kwanza kusikia anaingia. Hapigi hodi, hodi ni ya mgeni. Atamchukua, atampa uji, na mama akirudi atamkuta mwanawe nyumba ya tatu anagonga sufuria za watu. Anayesemwa ni yule anayewafungia watoto kwa kufuli. Watu watauliza ana ugomvi na nani. Na moto ukiwaka, je?

Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya kushuka ngazi kwa soksi nisiwaamshe wapangaji wengine, niliuacha mlango wangu wazi upana wa kiganja, na chini yake nikalaza kiatu changu kimoja kizee ili upepo usiufunge. Nilijiona mzazi mwangalifu kweli. Njiani nilikuwa hata najipongeza.

Siku moja ya baridi mvulana wangu aliamka mapema, akanikosa, akatoka kunitafuta kwenye ngazi huku amevaa kandambili moja. Niliporudi nilikuta polisi wawili wamesimama katikati ya chumba changu, kofia mkononi, na vitanda vya watoto vitupu.

"Watoto wako salama," mmoja aliniambia upesi, kabla sijauliza. "Wapo na wenzetu. Jirani yako wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyetupigia simu."

Jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa mama mzee wa Kibelgiji, mjane, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa nimemwona mgongo tu. Kuanzia siku hiyo hata mgongo wake niliuchukia.

Siku chache baadaye nilisimama mbele ya jaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Nilikuwa nimemaliza sekondari, Kifaransa changu kilikuwa safi kama shati la Idi, na hicho ndicho kilichonimaliza. Ningekuwa sijui lugha wangeniletea mkalimani, na labda mkalimani angeninusuru.

"Imeandikwa hapa," alisema jaji, "kwamba mlango ulikutwa wazi."

Moyo wangu ulitulia. Nilidhani sasa tumefika upande wangu.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Niliuacha wazi mimi mwenyewe."

Wakili niliyepewa alinikanyaga mguu. Sikumwelewa.

"Uliusahau?"

"Hapana, sikuusahau. Kila siku ninauacha wazi. Sijawahi kuufunga hata siku moja."

Jaji alivua miwani, akanitazama bila miwani, akaivaa tena. Kisha akaandika kwa muda mrefu.

Uamuzi wake ulikuwa huu. Watoto watakaa katika nyumba ya kulelea watoto huko Auderghem, kandokando ya msitu, nami nitawaona Jumamosi mchana. Mimi nitahudhuria mafunzo ya wazazi kila Jumatano kwa miezi sita. Nitatafuta kazi yenye saa zinazolingana na za shule. Na nitaleta karatasi yenye sahihi za watu wawili wa kuaminika, walio tayari kuwashika watoto nikikwama, na mmoja wao lazima awe anaishi katika jengo langu. Baada ya miezi sita atanitazama tena. Asiporidhika, watoto watatafutiwa familia ya kuwalea.

Kazi na mafunzo havikunitisha. Kilichonitisha ni ile karatasi. Jengo letu lilikuwa na wapangaji wanne: mimi, mwanafunzi mmoja aliyeonekana kwa nadra kama mwezi wa Ramadhani, mume na mke waliogombana mpaka plasta ikadondoka, na yule mama wa ghorofa ya kwanza.

Mke wangu nilimpigia simu kutoka kwenye kibanda cha simu ndani ya Galerie d'Ixelles, jengo la maduka kule Matonge, mtaa wa Waafrika, kati ya saluni mbili za kusuka. Nilimweleza yote.

"Mlango uliuacha wazi?" aliuliza.

"Niliuacha."

"Basi wanataka nini tena?"

"Sijui."

"Na pazia?"

"Pazia sina."

"Ehee," alisema. "Kosa ndilo hilo. Umeacha mlango uchi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Baba, wewe hujawahi kupoteza hata ndala. Watoto wangu nitawakuta?"

Nilimwambia atawakuta. Niliweka simu chini, nikamwomba dada wa saluni aniruhusu nikae kidogo kwenye kiti cha wateja.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi mmoja wa Ixelles. Mkufunzi wetu alikuwa binti wa Kibelgiji wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye sweta za rangi zote, asiye na mtoto. Alikuwa na mwanasesere wa plastiki, uzito sawa na kichanga halisi. Sisi wazazi tulikuwa wanane, wengi Wabelgiji wenye sura za kuchoka. Kando yangu aliketi maman mmoja wa Lubumbashi, Mkristo wa kuimba kwaya, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Watoto wake watano walichukuliwa kwa sababu ya fimbo. Fimbo hiyo ilipungua urefu kila Jumatano alivyoisimulia, mpaka ikabaki kama kijiti cha meno. Mwezi wa tatu, siku moja, alinyamaza katikati ya hadithi, akairudishia urefu wake wote mbele ya watu. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Lakini hayo ni yake.

"Na weye, papa, ulifanya nini?" aliniuliza Jumatano ya kwanza.

"Niliacha mlango wazi."

"Njo ile tu?"

"Watoto walikuwa ndani."

"Na weye?"

"Kazini."

"Ah, bon." Alinipima kwa macho toka viatuni. "Papa wa Mulango."

Jina la Baba wa Mlango likanikaa. Hata Wabelgiji walijifunza kuliita.

Siku ya somo la kichanga mkufunzi aliuliza nani ataonyesha jinsi ya kumbeba. Maman wa Lubumbashi alimchukua yule mwanasesere kwa mkono mmoja, akamrusha mgongoni, akafunga kitenge, akakaa na kuendelea kuandika.

"Na kichwa?" mkufunzi aliuliza kwa wasiwasi.

"Kichwa iko mu fasi yake."

Somo liliendelea, tukamsahau yule mtoto wa plastiki kabisa. Tulikuwa tumeshatoka, tumefika Galerie, chai imeletwa, ndipo nilipoona mguu mdogo wa waridi unachungulia chini ya kwapa lake.

"Maman, umeiba mtoto wa serikali."

Alijipapasa mgongo, akafunga macho. "Papa, sasa batanibakishia nini?" Kisha tukacheka mpaka mwenye mkahawa akaja kuuliza kama tuko salama. Tukarudi mbio, tukamkuta mkufunzi amepiga magoti anatafuta chini ya viti. Hakutuandika popote. Wiki iliyofuata alitaka kufundishwa kufunga kitenge.

Mimi nilipewa zoezi langu peke yangu. Mkufunzi alikuwa amegundua kwamba jengo zima sijui jina la mtu, akanipa daftari. Kila siku nimsalimie jirani mmoja na niandike kilichotokea. Kwa mtu kama mimi, hilo lilikuwa kama kuambiwa nikaimbe sokoni. Daftari lile ninalo mpaka leo. Jumatatu: nimesalimia mgongo wa mama wa ghorofa ya kwanza, hakusikia. Jumanne: mvua, sikutoka. Jumatano: nimemsalimia mume wa ghorofa ya pili, akadhani nakuja kulalamika, akaniomba radhi. Alhamisi: nimesalimia mbwa wa barabarani, ameitikia.

"Bwana," alisema mkufunzi baada ya kusoma, akijizuia kucheka, "mbwa hawezi kutia sahihi."

"Ndiye peke yake mwenye heshima."

"Na mama wa ghorofa ya kwanza?"

"Yule ndiye aliyenipeleka polisi."

"Najua. Na ndiye anayeishi hapo."

Jumamosi nilipanda metro mpaka Auderghem, chakula kikiwa kwenye bakuli nililolifunga kwa taulo lisipoe. Ile nyumba ya watoto ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Bustani, bembea, harufu ya supu. Msichana wangu alinitembeza kama mwenye hoteli. Kila mtoto alikuwa na kabati lake lenye ufunguo, na wake aliuvaa shingoni.

"Baba, huku watu wanafunga," alinieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mzee. "Hata choo wanafunga."

"Hata kwetu choo tunafunga."

"Wewe hufungi. Wewe unakohoa."

Nilifungua taulo, nikawapakulia chakula.

Mvulana alikuwa akilia kila nilipoondoka, akishika suruali yangu mpaka mlezi anamnyanyua. Nilikuwa narudi Forest nimevunjika. Halafu Jumamosi moja ya mwezi wa nne nilivaa koti langu, nikajiandaa kwa kilio, naye akaniambia "au revoir, papa" bila kuinua kichwa kutoka kwenye vigari vyake. Mlezi alifurahi: amezoea. Mimi nilikaa kwenye benchi la kituo, metro mbili zikaondoka bila mimi. Kilio nilikiweza. Kuzoea ndiko sikukuweza. Miezi miwili ilikuwa imebaki, na karatasi yangu ilikuwa na sahihi moja tu, ya tonton mmoja, mjomba wa kwetu aliyeishi mtaa wa pili, ambaye aliitia bila hata kusoma.

Kesho yake, Jumapili, nilipika mandazi. Niliyapanga kwenye sahani, nikayafunika kitambaa, nikashuka. Nilifika mlangoni kwa yule mama, nikasimama, nikapanda tena juu. Nilijiambia yanahitaji kupoa. Nikashuka mara ya pili, nikasikia redio yake, nikapanda: asisumbuliwe. Mara ya tatu kengele niliibonyeza kwa kiwiko, kwa bahati mbaya, nikiwa nageuka kupanda.

Mlango ulifunguka vidole vitatu, mnyororo ukiwa umekaza. Jicho moja la kijivu.

"Nani?"

"Mimi wa juu."

"Juu wapi?"

"Mwenye watoto."

Jicho likaniangalia, likaangalia sahani. Mlango ukafungwa. Nilikuwa nimeshageuka niliposikia mnyororo unatolewa.

"Umechelewa," alisema yule mama, amesimama na kanga yake ya kupikia kiunoni, aproni yenye maua. "Miezi minne."

Aliniingiza jikoni. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki, kiti kimoja kilivutwa na kingine kilikuwa ukutani kana kwamba hakitumiki sana. Juu ya rejeta ya kupashia chumba joto, imeoshwa na kukauka zamani, ilikuwa kandambili moja ndogo ya buluu.

"Nilikuwa nakusubiri uifuate," alisema.

"Madamu, si ungeileta tu?"

"Nilidhani umenikasirikia."

"Nilikuwa nimekukasirikia."

"Basi," alisema, akaweka maji ya kahawa motoni.

Alinisimulia huku amenipa mgongo, ule mgongo niliouzoea. Alisikia mtoto analia kwenye ngazi. Akatoka na gauni la kulalia, akampandisha juu kumrudisha. Akakuta mlango wazi, ndani giza, na kizingitini kiatu kikubwa cha mwanamume kimelala upande.

"Kiatu," nilisema.

"Nilidhani kina mguu."

Sikuelewa mara moja.

"Nilidhani umekufa, bwana. Mlango wazi saa kumi na moja alfajiri, kiatu chini. Nilidhani umeanguka, au wezi wamekuua. Sikuthubutu kukuangalia. Nikaruka kile kiatu, nikamwamsha binti yako, nikawaleta wote hapa, nikawapa maziwa na biskuti. Ndipo nikapiga simu polisi waje wakutoe." Aligeuka. "Nilikulilia kidogo. Kisha nikaona kwenye dirisha unarudi na miguu yako."

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nilicheka mpaka machozi, na baadaye sikujua tena machozi yalikuwa ya nini. Yule mama alinisubiri nimalize. Nikamweleza mlango wa Buyenzi, masikio ya majirani, uji, na kwamba hodi ni ya mgeni. Alisikiliza kwa makini sana.

"Hapa," alisema, "mlango ukiwa wazi namna hiyo watu wanajua kuna msiba."

"Kwetu pia msibani mlango huwa wazi. Lakini watu wanaingia."

"Mimi niliingia," alisema.

Ilikuwa kweli. Niliangalia kandambili.

Aliinua kitambaa cha sahani. "Kuna sukari humu?"

"Kidogo."

"Daktari amenikataza sukari." Akala moja kwa utaratibu, akanawa vidole, akachukua la pili.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo. Sikuitoa. Niliaga, nikapanda juu na kandambili yangu, nikajiona shujaa kwa kuwa nimetembelea mtu.

"Ulikula naye," maman wa Lubumbashi alirudia Jumatano, akihesabu kwa vidole, "ukacheka naye, ukalia mbele yake, na karatasi ikabakia mu mufuko?"

"Haikuwa heshima kuomba siku ya kwanza."

"Alors unangoya nini, aje akuoe?" Kisha akanisogelea. "Lakini papa, sikia. Mulango yako ilifanya kazi. Balisikia, baliingia, bakakamata batoto, bakabapatia maziwa. Ni polisi tu njo ilizidi."

Jumapili iliyofuata nilienda na karatasi mkononi, si mfukoni, nisije nikajidanganya. Yule mama aliisoma kwa kioo cha kukuzia, mbele na nyuma, hata maandishi madogo ya chini. Akasema atafikiri siku mbili. Siku mbili hizo nilisikia kila mlio wa sakafu yake. Jumanne jioni alipanda mwenyewe, akipumzika kila ngazi ya tano, akaiweka karatasi mezani kwangu ikiwa na sahihi ndefu ya shule za zamani.

"Nina sharti," alisema. "Ufunguo. Sitaki kukuta mlango wazi tena, moyo wangu hauwezi. Wala sitaki kusimama nje nikipiga kengele kama mleta barua. Ukinikabidhi watoto, nikabidhi na ufunguo."

Nilikwenda kwa fundi wa funguo kwa mara ya kwanza maishani. Kazi nayo nilikuwa nimeshabadilishiwa, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Ilibaki siku ya jaji.

Siku hiyo nilifika mapema mno, nimevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi. Sikuwa nimemwambia yule mama aje, sahihi yake ilitosha. Lakini nilipogeuka kwenye benchi nilimwona anaingia kwa fimbo, bruchi kifuani, kofia ya kanisani kichwani, amekasirishwa na tramu. Jaji alisoma taarifa ya mkufunzi, akasoma ya nyumba ya watoto, akaniuliza maswali machache nikajibu kwa ufupi, kwa kuwa sasa nilielewa maana ya kukanyagwa mguu. Kisha akamwona.

"Na wewe madamu ni nani?"

"Ghorofa ya kwanza," alisema yule mama, kana kwamba ni cheo.

"Unamfahamu bwana huyu?"

"Namsikia. Miaka kumi na tisa naishi chini ya watu, Mheshimiwa, nimesikia wa kila aina. Huyu anatwanga kitu Jumapili asubuhi, na hilo tutalizungumza. Lakini yuko nyumbani. Anarudi kazini, anavaa ndala, hatoki tena. Jumamosi anakwenda kwa watoto, anarudi, anavaa ndala. Sijawahi kuona mwanamume anayekaa nyumbani namna hii. Mume wangu sikumwona hivyo hata alipokuwa mgonjwa."

Wakili wangu alikohoa. Jaji aliinamia karatasi, na mabega yake yakatikisika kidogo.

"Na mlango?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Unafungwa, Mheshimiwa. Ufunguo wa pili uko chini."

Yule mama alifungua mkoba wake, akauinua ufunguo mahakama nzima iuone.

Watoto walirudi Ijumaa. Mvulana alisimama kizingitini akaangalia chumba kama mpangaji anayefikiria kuchukua au kuacha, kisha akaona kandambili zake, mbili, zimepangwa. Akazivaa, akaenda moja kwa moja chini ya meza na vigari vyake. Msichana alifunga mlango nyuma yetu, akaujaribu kwa kuuvuta, akaridhika. Nilisimama na bakuli mkononi, sikujua pa kuliweka.

Tangu siku hiyo amani yangu ya kobe iliisha. Niliomba jirani, nikapewa jirani. Yule mama alipanda saa yoyote ya mchana, akaingia kwa ufunguo wake bila hodi, akafunua sufuria, akauliza mbona mtoto hana soksi. Watoto walishuka kwake kufanya kazi za shule na wakapanda na maneno ya Kiflamandi, lugha nyingine ya Ubelgiji. Nikilalamika, maman wa Lubumbashi, aliyekuwa amerudishiwa watoto wake watatu na anawapigania wawili, alinijibu kwenye simu, "Papa wa Mulango, nyamaza."

Mke wangu alifika mwaka uliofuata. Aliingia na masanduku mawili, akawakumbatia watoto mpaka wakapiga kelele, na kabla hajakaa akafungua sanduku la kwanza akatoa pazia la mlangoni, la maua mekundu, limeshonwa Kigoma. Alikuwa hajasahau. Tukalitundika pale pale. Lakini milango ya Brussels ni mirefu, pazia likaishia magotini.

Tulikuwa bado tunalitazama ufunguo ulipozunguka, na yule mama akatokea chini ya maua, viatu kwanza.

"Huyu ni nani?" mke wangu aliniuliza kwa Kiswahili.

"Huyu ni nani?" yule mama aliniuliza kwa Kifaransa.

Kabla sijajibu yeyote, yule mama alikuwa ameshika upindo wa pazia na kuupima kwa kiganja. Alisema kitu kuhusu cherehani. Mke wangu hakujua Kifaransa hata neno, lakini alilishusha pazia, akamkunjia, wakashuka nalo pamoja. Liliporudi lilikuwa na ukanda wa lasi nyeupe chini, wa mapazia ya zamani ya jikoni kwake, na liligusa sakafu. Mchana mlango tukauacha wazi nyuma yake, kwa idhini ya yule mama, kwa kuwa watoto walikuwa hawaishi kupanda na kushuka, nami nikavaa ndala zangu nikakaa.